Gurudumu Lisilojua Taratibu

Mjomba wangu Theodory alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na hapa Kilosa hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mwalimu Taratibu. Mtoto akikimbia barazani, "Taratibu." Mgeni akimimina chai, "Taratibu." Siku ya mazishi ya mkewe mwenyewe, wabeba jeneza walipoteleza kwenye tope, sauti yake ilisikika kutoka nyuma ikisema, "Taratibu, jamani." Mimi nimelisikia neno hilo tangu nina meno ya utoto. Nilipofika umri wa kuulizwa nitaolewa lini, lilikuwa limeshakuwa kelele tu, kama ile ya feni, ambayo huisikii mpaka umeme ukatike.

Nawaambia haya mapema ili msije mkaniona mjinga baadaye. Na mkiniona mjinga, basi ujinga wenyewe nimelelewa nao.

Mjomba ana steshenari katika kata yetu ya Mabwerebwere. Ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo, mashine ya kutoa kopi, feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza, na kompyuta moja. Wateja wanakuja kujaziwa fomu za mtandaoni: maombi ya kazi, maombi ya vyuo, vyeti vya kuzaliwa. Anayejaza ni mimi, Yusta. Mjomba hukaa kwenye kiti chake karibu na mlango, anasoma gazeti, na kila fomu ikichapwa anaipitia kwa kalamu nyekundu kabla mteja hajaipokea. Ualimu haustaafu.

Kompyuta ile haina Windows. Ilikuwa nayo, ikaliwa na virusi vya flashi za wateja, ikafika mahali barua unayoiandika asubuhi mchana huioni. Ndipo akaja Abeli, mtoto wa jirani aliyesomea mambo hayo Morogoro, akafuta kila kitu akaweka mfumo mwingine, Linux. Virusi vikakoma, hilo nampa. Lakini Abeli ni mtu wa pupa. Alipokuwa anaitumia yeye aliona gurudumu la mausi linamchelewesha kusoma, akaliongezea kasi huko ndani kwa ndani. Kisha akapata kazi Dodoma, akaondoka na haraka zake, kasi akatuachia sisi.

Vitabu vinaiita kipanya, sisi tunaiita mausi, na katikati yake kuna kile kigurudumu cha kupandisha na kushusha ukurasa. Kwenye kompyuta za watu wengine ukikisukuma hatua moja, ukurasa unashuka mistari michache. Kwetu ni hatua moja tu, na umeshafika chini kabisa penye sahihi. Tulibadilisha mausi tukaleta nyingine, mambo yakawa yaleyale, maana ugonjwa haukuwa kwenye mausi. Niliingia kwenye mipangilio ya kompyuta nikaipekua yote. Kuna sehemu ya kupunguza kasi ya mshale, kuna sehemu ya anayetumia mkono wa kushoto. Gurudumu hawakuliwekea kitu.

Kurasa kuruka lingekuwa jambo dogo. Balaa liko kwenye yale maboksi ya kuchagua wilaya, kata, hali ya ndoa. Unachagua vizuri, halafu kidole kinagusa gurudumu kabla hujautoa mshale pale, na jibu linajigeuza lenyewe, kimya kimya, wakati macho yako yameshahamia kwingine. Mtu wa Mabwerebwere anajikuta anaishi Malolo. Kuna siku Nikolaus, kijana mmoja aliyekuja kujifunza kazi, alimjazia fomu Bi Anastazia wa pale sokoni, tena Mjomba siku hiyo alikuwa na homa hakuja. Bi Anastazia akaandikwa mjane. Mumewe alikuja ofisini mwenyewe, na miguu yake miwili, kuuliza amekufa lini na nani alihudhuria.

Mimi nililizoea gurudumu lile. Ninaligusa kwa ncha ya ukucha, nusu hatua, huku nimebana pumzi. Basi kwa sababu ya ukucha wangu huo nikawa sina mbadala, na mtu asiye na mbadala haendi popote. Likizo sikupata. Msiba wa shoga yangu kule Munisagara, kijijini kwa mama, nilikwenda asubuhi nikarudi mchana. Nikiumwa kichwa, wateja wanakaa kwenye benchi kusubiri kipoe.

Kisha Magreti akapiga simu. Nilisoma naye sekondari, na sasa anasimamia jiko kwenye nyumba ya wageni Mikumi, pale barabara kuu inapopita, ambako malori yanapumzika na watalii wanalala kabla ya kuingia mbugani. Mapokezi hapakuwa na mtu.

"Nimekutaja wewe," aliniambia. "Kazi ina chumba. Chumba chako, shosti, unafunga mwenyewe na ufunguo unao mwenyewe."

Sitaki kudanganya: kilichonishika si kazi, ni ufunguo. Katika maisha yangu yote sijawahi kulala kwenye chumba ambacho mlango wake naufunga mimi. Kwa mama nililala na wadogo zangu, bwenini nililala na wenzangu, na kwa Mjomba nalala chumba cha stoo, kati ya magunia ya mahindi na maboksi ya karatasi za kopi, na mtu yeyote anayetaka karatasi anaingia.

Nikaomba ruhusa. Kwetu, Wasagara, mtoto ni wa mjomba. Mjomba akishasema, hata baba anakaa kusubiri. Mama alikuja kutoka Munisagara tukakaa sebuleni, na Mjomba akafikiri mpaka chai ikapoa.

"Simzuii," akamwambia mama. "Lakini ofisi siwezi kuifunga, watu wanaitegemea. Siku mtu mwingine atakapojaza fomu nzima kwenye mashine ile, nami nisione pa kuweka kalamu nyekundu, Yusta aende. Na neno nikishalisema nimelisema."

Mama alishukuru kwa magoti. Mimi nilishukuru kwa mdomo tu, kwa sababu niliijua ile mashine.

Nikolaus alikuwa ameshakimbia kwa aibu. Akaletwa Ziada, mjukuu wa mtu aliyefanya kazi reli, dada mtulivu, mwepesi wa kuelewa, anaandika kwa vidole vyote kumi bila kutazama. Siku ya kwanza niliona Mikumi hii hapa. Siku ya pili nikaona kidole chake cha shahada kinakwenda chenyewe kwenye gurudumu, kwa mazoea ya kompyuta za watu, na fomu inachanganyikiwa. Nikamfundisha ukucha. Anafanya vizuri dakika kadhaa, halafu anasahau. Nani asingesahau? Kidole cha mtu hakiwezi kuishi kwa woga muda wote. Changu kinaweza, ndiyo maana nilikuwa pale.

Nikaanza kukiona kile chumba cha steshenari. Namaanisha kukiona hasa: nondo za dirishani, benchi la wateja, mgongo wa gazeti la Mjomba. Treni ikipiga honi nilikuwa nasikia hasira. Saa za mchana Mjomba alikuwa akileta maandazi mawili kwenye karatasi, moja lake, moja langu, anaweka langu juu ya kompyuta, na mimi nilikuwa nalila huku namlaani kimoyomoyo. Nilimchukia, nasema wazi. Niliamini ameweka sharti lile akijua kabisa halitatimia.

Nikamtafuta Abeli huko Dodoma. Alicheka kwanza, akanitumia ujumbe mrefu. Kumbe kuna faili dogo ndani ya tumbo la mashine lenye namba moja, na namba hiyo ndiyo inayoamua gurudumu likigeuka hatua moja ukurasa uende kiasi gani. Unaibadilisha, unaizima kompyuta, unaiwasha, kazi imekwisha. Akanielekeza neno kwa neno. Mwishoni akaandika: "Ila itakuomba pasiwedi ya mwenye mashine. Siku naondoka nilimwambia Mwalimu aweke yake mwenyewe, mimi nikageukia ukutani. Nilimwambia asimwambie mtu mbele za watu na asiiandike popote. Muulize."

Nikamuuliza. Ofisi ilikuwa imejaa wateja.

"Mjomba, naomba pasiwedi ya kompyuta. Nataka kulipunguza kasi gurudumu, Ziada aweze kazi."

Akashusha miwani. "Kiswahili chake?"

"Nywila, Mjomba."

Akawatazama wateja, mmoja mmoja. Akainuka, akaja mpaka kwenye kiti changu, akainama karibu na sikio langu na kusema kwa sauti ya chini, "Taratibu."

Akarudi kwenye gazeti. Nikaelewa: nisimharakishe, tena nisimuulize mambo ya ndani mbele za watu. Nikasubiri kwa adabu. Wateja wakaisha, naye akachukua kofia yake akaenda zake nyumbani.

Kesho yake nikarudia. "Mjomba, ile nywila."

"Si nimeshakuambia, Yusta? Taratibu."

Safari hii sauti ilikuwa na ukali kidogo, na mimi nikarudi kwenye kiti changu. Nikaanza kubahatisha. Nikaandika jina la marehemu mkewe, mashine ikakataa. Jina la shule aliyofundisha, ikakataa. Nikajaribu jina la mama yangu, jina la kanisa, hata jina langu mwenyewe, na hapo nilijisikia vibaya ilipokataa.

Mara ya tatu nilimuuliza siku tulipokuwa wawili tu. Magreti alikuwa amenipigia: tajiri wao anataka mtu awe amefika Jumatatu, la sivyo wanachukua mwingine. Nikaenda kusimama mbele ya kiti cha Mjomba kabisa.

"Mjomba, nisaidie. Ukinipa nywila, Ziada ataiweza kazi, na mimi nitaondoka kwa amani. Jumatatu ndiyo mwisho."

Aliangalia barabarani. Alipogeuka, macho yake yalikuwa na maji, nami nikadhani ni vumbi.

"Mtu anaambiwa mara ngapi, mwanangu?" akasema. "Taratibu. Taratibu, basi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ofisi nikalia. Nilijiambia, yamekwisha, nitazeeka hapa, watu watanizika na mausi mkononi.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya Ziada kujaribiwa. Mteja alikuwa Bi Mwanne, jirani yetu hapo hapo Mabwerebwere, anatafuta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Ziada alijaza polepole, ameuma mdomo, mimi nimesimama nyuma yake nimekunja ngumi. Fomu ikachapwa. Mjomba akaipokea, akaisoma kutoka juu, na kalamu nyekundu ilikuwa imefika karibu na mwisho nilipoiona inasimama. Akachora duara.

"Malolo," akasema. "Bi Mwanne, umehama lini?"

Bi Mwanne alicheka, maskini, hakujua anacheka nini. Ziada alifunika uso kwa mikono. Mjomba hakumgombeza. Alimwomba Bi Mwanne asubiri kidogo, akachukua kofia akaenda kununua maandazi, ilikuwa saa yake ya maandazi.

Nikamwambia Ziada apishe. Nikakaa, nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika maneno ya Abeli yote kama alivyonitumia. Mashine ikaomba neno la siri.

Linux ina tabia moja: ukiandika neno la siri, haikuonyeshi chochote, hata nukta. Unaandika gizani. Na mimi nilikuwa nimejaa. Nilitaka kuitukana ile mashine, na kumtukana Mjomba, na kwa kuwa Bi Mwanne alikuwa amekaa pale kwenye benchi sikuweza kufungua mdomo. Nikaona nimrudishie mzee lake mwenyewe. Nikabonyeza herufi moja moja, kwa nguvu, mpaka Ziada akashtuka: t, a, r, a, t, i, b, u. Shika hiyo! Nikapiga kitufe cha mwisho.

Mashine haikukataa. Ilishuka mstari, ikanifungulia lile faili, namba ikatokea mbele yangu.

Nilikaa nikiitazama. Nikayasikia yote mara moja, kana kwamba umeme umekatika na feni imenyamaza. Akainama karibu na sikio langu. Si nimeshakuambia, Yusta. Mtu anaambiwa mara ngapi, mwanangu.

"Dada Yusta, kuna nini?" Ziada aliuliza.

"Hakuna kitu," nikasema. "Nilikuwa nimeambiwa."

Nikabadilisha namba. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Nikasukuma gurudumu hatua moja, kwa kidole kizima, si ukucha, na ukurasa ukashuka mistari michache ukatulia. Nikasukuma tena. Nilikuwa nimesahau kwamba kitu kile kinaweza kufanywa bila kubana pumzi. Ziada akakaa, akajaza fomu ya Bi Mwanne upya, kidole chake kikienda kinakopenda kwenda, na hakuna kilichoruka.

Mjomba akarudi na maandazi matatu. Siku hiyo alikuwa amemhesabu na Ziada. Akapewa fomu. Akaisoma kutoka juu hadi chini, akarudi juu, akasoma tena. Kalamu ilikuwa imefunguliwa mkononi mwake, haikupata pa kutua. Akatia sahihi kwa kalamu ya buluu, akampa Bi Mwanne karatasi zake, akamwitikia kwaheri. Kisha akaifunika kalamu nyekundu, akaiweka mfukoni.

"Umelitengeneza gurudumu," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa neno nililokupa."

"Kwa neno ulilonipa."

Akaketi. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Nilikupa siku ile ile ya kwanza ulipoomba," akasema. "Ukauliza tena, nikakupa tena. Nikaona hulitumii. Nikajiambia, huyu mtoto hataki kwenda, ila anaona haya kuniambia, anatafuta mashine ya kusingizia. Nikashukuru Mungu, Yusta. Usiku nilikuwa napiga magoti nashukuru." Akalitazama andazi lake, hakulila. "Hata ile siku uliponiambia Jumatatu ndiyo mwisho, nilikupa. Iliniuma, lakini nilikupa."

Hasira yangu yote ya siku zile ilikuwa imebaki mikononi mwangu, haina wa kupewa. Nilikuwa na jibu la kweli, tena rahisi: Mjomba, sikukusikia. Lakini ningemwambiaje? Ningekuwa namwambia kwamba neno alilolisema maisha yake yote, darasani, mezani, kaburini kwa mkewe, mimi niliyelelewa nalo silisikii. Na kwamba labda hakuna mtu Kilosa nzima anayelisikia. Watu wanacheka tu, wanampa jina. Nikaona afadhali abaki na uongo ulio upande wake, wa kwamba sikutaka kwenda.

"Nilikuwa sijajiandaa kukuacha, Mjomba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, akiridhika, na mimi nikaumia, kwa sababu nilipoyasema maneno yale niliona si uongo mtupu.

"Unaondoka lini?"

"Jumatatu asubuhi, kwa gari la kwanza. Magreti atanipokea."

"Chumba kina ufunguo?"

Sikuwa nimewahi kumwambia habari ya ufunguo. Nafikiri mama alimwambia.

"Kinao, Mjomba."

Akainuka, akaja mpaka kwenye kiti changu, akaweka andazi langu juu ya kompyuta, mahali pake pale pale. Akainama karibu na sikio langu kama siku ile.

"Taratibu," akasema.

Ziada, aliyekuwa ameshaanza fomu nyingine, alidhani ameambiwa yeye, akaondoa kidole kwenye gurudumu.

"Nimesikia, Mjomba," nikasema.